Bilolo Alivyokula Mkwe Wangu

Wiki tatu nilidanganywa na sahani. Mimi mwanamke niliyezaa watoto saba, niliyelima mpaka jembe likabaki kama kijiko, nikadanganywa na sahani ya bati. Hata leo nikikumbuka, hasira inanipanda kama uji uliosahauliwa motoni.

Binti yangu wa mwisho alizaa mtoto wa kike hapa Kamina, nyuma ya soko, katika lupango, yaani kiwanja, ya mume wake. Huyo mume anauza chumvi, sabuni na vitenge. Watu wake ni Waislamu wa Maniema, wazee wao walifika huku zamani na biashara. Kijana mzuri, siwezi kumsingizia. Anaswali, hanywi, sauti yake haipandi. Lakini binti yangu alimwaga damu nyingi siku ya kuzaa, mpaka midomo ikawa na rangi ya majivu. Akisimama, dunia inamzunguka. Akitoka chumbani mpaka barazani, anakaa chini kuhema kama bibi kizee, na mimi bibi kizee mwenyewe nimesimama namtazama.

Tulimpeleka kituo cha afya. Mama muuguzi alimvuta jicho, kope ya chini, akaniita kambo, yaani bibi.

"Kambo, kuya uangalie. Hapa inapashwa kuwa nyekundu. Unaona? Iko nyeupe kama bunga."

Niliona. Alimpa vidonge vya damu, kimoja kila siku asiruke. Na juu ya vidonge ale maharagi, samaki, mboga za majani zenye kijani kile cha giza. Akamulie ndimu juu ya chakula. Chai asinywe pamoja na chakula, aache kwanza, kwa sababu chai inazuia nguvu ya mboga isiingie kwenye damu. Kisha akaniambia pembeni kwamba damu isipopanda, watampeleka hospitali kubwa atiwe damu ya mtu.

Hilo neno nalijua. Dada yangu walimpeleka hivyo hivyo, wakachelewa kupata damu inayolingana na yake, na tulirudi naye amefunikwa. Kwa hiyo sikuwa pale nyuma ya soko kwa kupumzika. Nilikuwa nimekuja kumrudishia mtoto wangu damu.

"Mboga ya majani?" nikamwambia muuguzi. "Mama, hapa umefika kwa mwenyewe."

Maana mimi na bilolo tunajuana. Bilolo ni majani yale ya mmea ulio ndugu na biringanya ndogo, unaota wenyewe pembeni ya mashamba ya mihogo, majani laini, machungu mpaka ulimi unakauka. Watu wa siku hizi wanapenda lengalenga, yaani mchicha, kwa sababu lengalenga ni tamu, haina ubishi, hata mtoto asiye na meno anaimeza. Mimi sisemi ni mbaya. Lakini mama yangu alitulea kwa bilolo na bukari, ule ugali wa mihogo, na alikuwa na sheria zake. Unachuma asubuhi, jua halijawa kali. Unaosha majani yakiwa mazima, si baada ya kukata, kwa sababu ukikata ndipo ukaosha unamwagia kuku nguvu yote. Unatia katika maji machache yanayochemka, unaacha kidogo tu, unaweka mawese, kitunguu na samaki mkavu wa Bukama aliyevunjwavunjwa. Na maji hayamwagwi. Mwanamke anayechemsha bilolo, akamwaga maji, akachemsha tena, akamwaga tena, mama yangu alikuwa anamuuliza: "Sasa utakula nini, kamba?"

Hivyo ndivyo nilivyompikia binti yangu. Uchungu wote ndani.

Sasa jambo la pili lazima nilieleze, la sivyo mtaniona mjinga. Sisi Waluba tuna buko, ile heshima ya ukwe. Mama mkwe na mkwe mwanaume hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja. Mimi sikanyagi ndani ya nyumba yake akiwemo. Kwa hiyo nililala katika nyumba ndogo ya jikoni nyuma, na mbabula yangu ya makaa na masufuria yangu. Nikimaliza kupika, binti yangu anakuja polepole kuchukua chakula, anaingia nacho ndani, wanakula wawili, na mimi nakula peke yangu nyuma. Nikimsikia mkwe anakohoa mlangoni, nageuza uso kwenye ukuta. Yeye akinikuta ghafla kwenye njia ya choo, anaruka pembeni mpaka kwenye miti ya mihogo kama mtu aliyeona nyoka.

Kwao Maniema mambo hayako makali hivyo. Lakini kijana alioa Muluba, akataka kufanya vizuri, akaenda kuuliza rafiki zake wa sokoni mama mkwe wa Kiluba anaheshimiwa namna gani. Nani anaulizaga heshima sokoni?

Basi. Siku ya kwanza nilimjazia binti sahani ya bilolo. Ilirudi tupu. Imepanguswa mpaka inang'aa. Moyo wangu ukafurahi. Siku ya pili, tupu. Nikasema, kumbe huyu mtoto aliyekuwa analia akiwa mdogo, anatupa bilolo chini ya meza, sasa uzazi umemfundisha. Siku ya tatu nikaongeza. Tupu. Nikamuuliza:

"Bilolo inakuendea?"

"Inaenda, mama."

"Niongeze?"

Akatazama chini. "Vile unaona, mama."

Vile naona! Niliona sahani tupu, basi nikaona niongeze. Wiki ya pili nilianza kuchuma yale majani makubwa ya chini, yaliyokomaa, ambayo hata mbuzi anayafikiria kwanza. Nikaona bado inarudi tupu. Nikamwambia moyo wangu kwamba sasa tumefika mahali pazuri, nikatia na majani machache ya mti mchungu ulio nyuma ya choo, ule ambao watu wanachemsha majani yake wakiwa na homa. Nilionja mwenyewe. Machozi yakatoka. Nikasema, vizuri, damu itakuja mbio.

Damu haikuja. Kila asubuhi nilikuwa namvuta jicho kabla hajaosha uso. Jeupe. Mtoto ananyonya, analia, ananyonya. Binti anasinzia na mtoto kifuani, mpaka nakimbia kumkamata asianguke. Niliacha kulala vizuri. Nikaanza kulaumu vidonge, nikavihesabu nikakuta anavinywa. Nikalaumu samaki. Nikalaumu mawese ya yule mama wa sokoni, nikamwambia mbele ya watu kwamba anachanganya na maji, akanitukana, na ilikuwa haki yake, kwa maana mawese yalikuwa mazuri kabisa.

Mwisho wa wiki ya tatu tulirudi kituoni, siku ya kupima watoto kilo. Mama muuguzi akavuta lile jicho. Kisha akanigeukia mimi.

"Kambo, unamupikiaka nini huyu?"

"Bilolo."

"Siku ngapi kwa juma?"

"Juma iko na siku saba, hapana? Basi siku saba."

"Na anakula?"

"Sahani inarudi kama imelambwa na mbwa!"

Wanawake wengine kwenye benchi wakacheka. Muuguzi hakucheka. Alimtazama binti yangu, na binti yangu akaanza kumfunga mtoto kitambaa ambacho kilikuwa kimeshafungwa. Mimi nikaliona lile. Mtoto wangu namjua. Akifanya kazi isiyokuwepo, amefanya kosa. Muuguzi akasema tuongeze juma mbili tu, kisha hospitali kubwa, hataki tena maelezo.

Tulirudi nyumbani. Nilipika kama kawaida, mchana, bilolo vikali kuliko vyote. Binti akaja akachukua. Mume alikuwa amerudi kula. Halafu mimi nikachukua ungo wangu wa maharagi, nikakaa kuyachambua chini ya dirisha lao. Ndiyo, nilikwenda kusikiliza. Buko inakataza macho, masikio haijataja.

Kwanza nikasikia sahani inawekwa chini. Kisha sauti ya mkwe wangu, ya mtu anayeomba:

"Kula hata kijiko mbili."

"Siwezi."

"Kamoja."

"Siwezi, nakwambia! Inanikamata huku, kwa shingo. Nikimeza inarudia. Kula weye."

"Minyi tena? Minyi nakula tangu juma tatu! Tumbo yangu imekuwa famasi. Ku soko bananiuliza kama niko na malaria, maana nikicheka meno iko kijani."

"Basi rudisha sahani vile iko."

"Nirudishe? Rafiki zangu balisema ukirudisha chakula ya mama mukwe, umemutukana, unalipa mbuzi na bantu bazima banakuja kukaa mu lupango. Hapana. Leta." Nikasikia kijiko. Nikasikia mtu anavuta pumzi kama anayetaka kuzama mtoni. "Bismillahi."

Akala. Nilimsikia akila. Kijana wa watu, anatafuna majani ya homa, anaguna, anakunywa maji, anatafuna tena. Na binti yangu, mwenye jicho jeupe, namsikia anakoroga sukari katika chai. Chai! Pamoja na chakula!

Maharagi yalimwagika yote. Sikumbuki kusimama. Nakumbuka niko mbele ya mlango na mwiko mkononi, mguu mmoja juu ya kizingiti, na ndipo buko ikanishika kwenye kitambaa. Yeye yuko ndani. Siwezi kuingia, siwezi kumtazama, siwezi kumwambia. Nimejaa mpaka hapa, na sina mahali pa kumwaga.

Alikuwepo kuku mmoja anadonoa maharagi yangu. Nikamgeukia.

"Weye kuku!" nikapiga kelele. "Nakuuliza weye! Nani alikuwa na kukosa damu mu hii nyumba? Ni mwanaume njo alizaa?"

Ndani kijiko kikaanguka.

"Kuku, jibu! Minyi napikia muntu mwenye macho meupe, anakula muntu mwenye macho mekundu! Anapashwa kuzaa lini, huyu bwana, nimuandalie vitambaa?"

Jirani alichungulia juu ya ua. Nikamwambia aendelee kufua. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya heshima.

"Kuku," sauti ikasema, "ambia mama mukwe anisamehe. Minyi nilifikiri ni heshima."

Kuku mwenyewe alikuwa anakula.

"Kuku, mwambie huyo bwana kwamba wale rafiki zake ni bajinga! Mbuzi ya nini? Sahani ikirudi na chakula, mama mukwe anajua chakula haikuliwa, anapika ingine! Heshima njo kuua mutoto wangu kimya kimya?"

"Mama, acha kupiga kelele." Binti yangu alitokea mlangoni, ameshika mwimo. Hiyo midomo yake bado ya majivu. "Si yeye. Ni minyi nilimupatia. Na weye pia, mama."

"Minyi nini?"

"Kila siku unazidisha uchungu. Siku ya kwanza nilikula nusu, kweli. Nilijikaza. Siku ya pili robo. Halafu ukaanza kuweka dawa ya homa. Nani anaweza kula ile? Hata weye, nilikuona unapangusa machozi."

"Ju ya nini haukusema?"

"Niseme nini? Ukisema bilolo ya mama ni chungu, anakuhesabia shamba zote alilima, na mama yake, na mama ya mama yake, mpaka jua inashuka."

Nilitaka kumjibu. Lakini nikaona anavyoegemea mwimo asianguke. Wiki hizo tatu zilipita mbele yangu zote: majani yale makubwa, mti mchungu, nami najisifu kwa muuguzi. Nilikuwa nashindana na sahani. Mtoto wangu anakauka, na mimi nashindana na sahani. Nilikaa chini kwenye vumbi, pamoja na maharagi.

Nyuma ya pazia mkwe wangu akakohoa.

"Kuku. Kama mama mukwe hatakasirika. Mama yangu minyi, kwetu, anapikaka mboga ya uchungu. Anakata, anatia chumvi, anasugua na mikono mpaka inatoa maji ya kijani, anakamua. Mara moja tu. Halafu anatia kalanga ya kusagwa. Inabakia uchungu kidogo, lakini unaweza kuikula na wali na unaomba ingine."

Mwanaume. Ananifundisha mimi kupika mboga, kupitia kuku. Na maji yale ya kijani mama yangu angesema ndiyo nguvu yenyewe. Nilikaa na hasira hiyo kama nusu saa. Kesho yake niliamka mapema nikaenda kituoni peke yangu, nikamuuliza muuguzi: ukisugua na chumvi, ukakamua, mboga inabaki na kitu? Akasema inapoteza kidogo, lakini si yote, na chumvi isioshwe kwa maji mengi, na isipikwe sana. "Kambo, kile kinaingia tumboni mwake njo kinamusaidia. Kile alikula bwana yake kilisaidia bwana yake." Akacheka sasa, huyo mama. Sijui ni jirani gani alimpelekea habari.

Nilirudi nikachuma majani madogo ya juu. Nusu bilolo, nusu lengalenga. Ndiyo, lengalenga, nilinyamaza nikaweka. Nikasugua na chumvi. Mikono ikawa kijani mpaka kwenye viwiko, na maji yale yalipotoka niliona kama namwaga mama yangu. Nikaonja jani bichi: uchungu upo, lakini umekaa chini kama mgeni mwenye adabu. Nikasaga kalanga, nikatia nyanya, samaki wa Bukama, mawese kidogo, dakika chache tu mbabulani. Mwisho ndimu.

Na sikumpa achukue ndani. Nikamwambia: "Utakulia hapa, mbele yangu. Bwana yako nimemupikia wali na maharagi, sahani yake ni ile. Hii ni yako. Chai nimeificha."

Akakaa kwenye kigoda. Akakata tonge la bukari, akachovya kidogo sana, kwa ncha, kama anayepima maji ya kuoga mtoto. Nilimtazama kooni. Akameza. Akatazama sahani. Akakata tonge la pili, kubwa zaidi.

"Iko chungu bado," akasema.

"Kula."

"Nakula, mama. Nimesema tu iko chungu."

"Sema ukiwa unatafuna."

Alimaliza robo tatu. Yale yaliyobaki alinirudishia kwenye sahani, wazi, niyaone. Nilimshukuru. Nilikuwa sijawahi kufurahia chakula kilichokataliwa. Kesho alimaliza yote, nami nilikuwa nimekaa pale pale nashuhudia, na mume wake amekwenda sokoni, hakuna wa kusingizia. Ikawa hivyo kila mchana. Siku anayochoka namlisha kwa mkono wangu, ananitukana kidogo, anameza. Vidonge asubuhi, mboga mchana, maharagi jioni, ndimu mpaka meno yakafa ganzi. Chai saa ya kumi, nampa mwenyewe, nimeangalia jua.

Mkwe wangu naye alianza kunenepa. Kumbe wiki tatu zile alikuwa anarudi sokoni na njaa, kwa sababu baada ya bilolo vyangu hakuna kitu kingine kilichokuwa kinapita. Alimwambia kuku kwamba maharagi ni mazuri sana. Nikamwambia kuku kwamba nimesikia.

Juma mbili zikaisha. Tulikwenda kituoni kwa miguu, na binti yangu hakukaa njiani hata mara moja, mimi ndiye niliyesema tupumzike. Muuguzi akavuta kope. Nilisimama nyuma yake karibu mpaka akanisukuma na kiwiko.

"Eeh," akasema. "Sasa hapa kuko muntu. Bado haiko nyekundu ya kabisa, dawa usiache, mboga usiache. Lakini hospitali kubwa, hapana, si lazima."

Niliketi kwenye benchi. Nikampokea mtoto. Wanawake waliokuwa wanangojea kilo wakamzunguka binti yangu: ulikula nini? Wengine walimkumbuka alivyokuwa. Naye akaanza kuwaeleza, mikono hewani, anawasugulia chumvi ambayo haipo.

"Unakata, unatia chumvi, unasugua mpaka inatoa maji ya kijani. Unakamua mara moja tu, usikamue mara mbili, utabakia na kamba. Halafu kalanga. Halafu ndimu mwisho, si mbele."

"Nani alikufundisha hii?" mmoja akauliza.

Akageuka akanionyesha kwa kidole. "Mama yangu. Kwetu banapikaka vile tangu zamani."

Wanawake wote wakanitazama. Mmoja mzee kama mimi, anayejua bilolo, nikaona anakunja uso. Alikuwa anajua kabisa kwamba kwetu hakuna anayekamua. Nikamtazama machoni. Nikamrekebisha mtoto kwenye paja.

"Na majani iwe ya juu," nikawaambia, "ile midogo. Ya chini muachie mbuzi."